Arp 220 na NGC 6240: uanze na ipi kati ya galaksi hizi mbili zinazoungana?

Mwanafunzi wa fizikia anayetafuta mada ya tasnifu juu ya galaksi zinazoungana, au mwalimu anayetaka mfano mmoja ulio hai wa kulifundishia darasa zima, hukutana mapema sana na majina mawili yasiyoepukika. La kwanza ni Arp 220 na la pili ni NGC 6240. Kila moja ilitokana na galaksi mbili zilizokutana, kila moja ina viini viwili ambavyo bado havijawa kimoja, na katikati ya kila moja pamejaa gesi na vumbi kiasi cha kuficha karibu kila kitu. Swali linaloulizwa juu yao pia ni lile lile: joto lote lile latoka wapi, kwenye nyota changa zinazozaliwa kwa wingi au kwenye mashimo meusi yanayomeza gesi? Nimeulizwa mara nyingi ni ipi inayofaa kuanza nayo, na jibu langu silipimi kwa uzuri wa picha wala kwa wingi wa mwanga. Nalipima kwa jambo moja tu, nalo ni galaksi ipi inayomruhusu msomaji kutenganisha moto wa nyota na moto wa shimo jeusi.

Kwa nini kutenganisha ni kazi

Galaksi mbili zenye gesi zinapokaribiana, kila moja huivuta nyenzake hadi mikono ya nyota ikanyooka na kuwa mikia mirefu. Nyota zenyewe kwa kawaida hazigongani, kwa kuwa nafasi iliyo kati yake ni kubwa mno ikilinganishwa na ukubwa wake. Gesi ndiyo inayogongana, na ikigongana hupoteza mwendo wake wa kuzunguka, kisha huporomoka kuelekea katikati. Huko mambo mawili huanza karibu kwa pamoja. Gesi iliyosongamana huzaa nyota kwa kasi isiyoonekana katika galaksi tulivu kama hii yetu, na sehemu yake ndogo huendelea kushuka hadi kwenye ukingo wa shimo jeusi, ambako huunda diski inayosuguana, kupata joto na kung'aa. Sehemu hiyo ndogo haipaswi kudharauliwa. Hidrojeni inapoungana ndani ya nyota, takriban asilimia 0.7 tu ya masi yake hugeuka kuwa nishati, ilhali gesi inayoanguka kuelekea shimo jeusi inaweza kugeuza kiasi cha asilimia 10. Hivyo shimo jeusi moja linalolishwa vizuri linaweza kutoa nguvu sawa na mamilioni ya mamilioni ya nyota.

Ugumu unaletwa na vumbi. Aliyewahi kukaa kando ya tanuri la mkaa analielewa jambo hili bila kufundishwa. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha huwashwa, na mpita njia haoni ulimi wa moto hata mmoja. Akisogea huhisi joto, huona moshi ukipenya kwenye nyufa, lakini udongo haumwambii ni gogo lipi linaloungua. Vumbi la katikati ya galaksi ni udongo ule ule: humeza mwanga wa urujuanimno na mwanga tunaouona kwa macho, hupata joto la nyuzi makumi kadhaa tu juu ya sifuri kamili, kisha huirudisha nishati hiyo angani kama mionzi ya infraredi. Nyota ikilipasha vumbi joto, au shimo jeusi likilipasha, infraredi inayotoka hufanana sana. Ndiyo maana setilaiti ya IRAS, iliyorushwa Januari 1983 kwa ushirikiano wa Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilipoonyesha kwamba zipo galaksi zinazotoa karibu nguvu zao zote kwa infraredi, ilianzisha mjadala ambao haujafungwa hadi leo.

Arp 220: tanuri lililofunikwa barabara

Arp 220 ni ya 220 katika orodha ya galaksi 338 zenye maumbo yasiyo ya kawaida ambayo Halton Arp aliichapisha mwaka 1966. Iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 250, katika kundinyota la Nyoka ambalo mabaharia wa pwani walilijua kwa jina la Hayya. Katika kundi la galaksi zenye mwanga wa infraredi unaozidi nguvu ya Jua mara trilioni moja, hii ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote, na kwa sababu hiyo imekuwa kipimo ambacho galaksi za mbali zaidi hulinganishwa nacho.

Viini vyake viwili vimetengana kwa miaka ya nuru 1,200 hivi. Kila kimoja kimezungukwa na diski ya gesi yenye nusu kipenyo cha takriban miaka ya nuru 200 tu, na ndani ya nafasi hiyo ndogo imebanwa gesi yenye masi inayozidi ile ya Jua mara bilioni moja. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Jua letu na nyota iliyo jirani yake zimeachana kwa zaidi ya miaka minne ya nuru, na kati yake hakuna kitu cha kutajika. Huko Arp 220, eneo ambalo kwetu lingekuwa karibu tupu limejaa gesi kiasi kwamba hata mawimbi ya milimita, ambayo kwa kawaida hupenya vumbi bila shida, huanza kukwama katika kiini cha magharibi.

Nyota huzaliwa humo kwa kasi ya takriban masi 200 za Jua kila mwaka, wakati Njia Nyeupe yetu huzaa moja au mbili. Nyota kubwa hufa haraka, kwa hiyo palipo na uzazi wa namna hiyo pana vifo vingi pia. Mwaka 1998 wanaastronomia waliounganisha darubini za redio za mabara tofauti walitangaza kwamba wameona ndani ya kiini cha magharibi vidoa vidogo vingi vya redio, na vidoa hivyo vilikuwa supanova, kila kimoja kikiwa nyota iliyolipuka. Ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ulikadiria milipuko kama minne kwa mwaka katika galaksi nzima, ilhali kwetu hutarajiwa miwili au mitatu kwa karne. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi kama huu kwamba kuzaliwa kwa nyota kunaweza kuhesabiwa kwa kuhesabu makaburi yake. Picha ya darubini ya James Webb iliyotolewa Aprili 2023 ilikuja kuyapamba haya yote kwa miale sita mikali inayotoka katikati, ambayo husababishwa na umbo la vioo vya darubini yenyewe wakati kitu kinachopigwa picha ni kidogo na kina mwanga mwingi.

Na shimo jeusi je? Hapa ndipo Arp 220 inapomchosha anayeanza. Dalili zipo, lakini kila moja ina maelezo mengine yanayowezekana. Eksirei zake kali, zile za nguvu inayozidi elektronivolti 10,000, ni hafifu mno, jambo linaloweza kumaanisha kwamba shimo jeusi halili sana, au kwamba linakula sana nyuma ya ukuta wa gesi mzito kiasi cha kuzuia hata eksirei hizo. Ayoni ya neoni iliyonyang'anywa elektroni nne, ambayo ni shahidi mzuri wa mionzi mikali ya shimo jeusi, haikuonekana darubini ya Spitzer ilipoitafuta. Mstari wa chuma unaoonekana katika eksirei zake, yaani mng'ao ambao chuma hutoa kwenye nishati moja mahususi, uko kwenye kiloelektronivolti 6.7 (elektronivolti 6,700), nishati ambayo ni ya chuma kilicho ndani ya gesi moto sana. Gesi hiyo inaweza kuwa imepashwa na shimo jeusi, na inaweza pia kuwa imepashwa na supanova zile zile tulizozihesabu. Mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi hulifurahia fumbo la namna hii. Mwanafunzi mwenye miezi sita ya kuandika tasnifu anaweza kuzama humo asiibuke.

NGC 6240: nyufa zinazoonyesha moto

NGC 6240 iko mbali zaidi, kati ya miaka ya nuru milioni 330 na 400 kutegemea kiwango cha kupanuka kwa ulimwengu kinachotumika katika hesabu, katika kundinyota la Hawaa. Mwanga wake wa infraredi ni karibu nusu ya ule wa Arp 220, ukiwa chini kidogo ya trilioni moja ya majua. Ukiishia kwenye takwimu hizi ungeiona kama mdogo wake Arp 220, na ungekosea.

Novemba 2002 Stefanie Komossa na wenzake walitangaza kwamba darubini ya eksirei ya Chandra imeona ndani yake viini viwili, na kwamba vyote viwili vina alama ya shimo jeusi linalokula. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashimo meusi makubwa mawili yaliyo hai kuonekana kwa uwazi namna hiyo ndani ya galaksi moja. Yametengana kwa takriban miaka ya nuru 3,000, na yataungana baada ya mamia ya mamilioni ya miaka. La kusini ndilo lenye mwanga mwingi zaidi wa eksirei, na vipimo vya mwendo wa nyota zinazolizunguka vimelipa masi ya karibu mara bilioni moja ya Jua au zaidi, wakati shimo jeusi la katikati ya Njia Nyeupe lina masi ya milioni nne tu.

Dalili zilizokuwa na shaka kule Arp 220 hapa zinazungumza kwa sauti moja. Eksirei kali zinapenya. Neoni iliyopoteza elektroni nne ilionekana na Spitzer. Mstari wa chuma uko kwenye 6.4, nishati ya chuma baridi kinachoakisi mionzi inayokipiga kutoka karibu na shimo jeusi, na unaonekana katika viini vyote viwili. Si kwamba NGC 6240 haina vumbi. Inalo tele, na mashimo yake yote mawili yamefunikwa kwa gesi nzito. Tofauti ni kwamba udongo wa tanuri hili una nyufa mahali panapofaa.

Kitu ambacho mimi hukiona kuwa hazina ya NGC 6240 kuliko vyote kilichapishwa mwaka 2018 na kundi lililoongozwa na Francisco Müller-Sánchez. Galaksi hii imezungukwa na wingu la gesi lenye umbo la kipepeo, na kwa miaka mingi lilichukuliwa kuwa upepo mmoja tu unaopulizwa kutoka katikati. Kundi hilo lililinganisha mwanga wa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili na ule wa hidrojeni, likaona kwamba mabawa ya kipepeo hayana baba mmoja. Upande wa kaskazini-mashariki gesi inasukumwa na shimo jeusi, na upande wa kaskazini-magharibi inasukumwa na nyota changa kwa upepo wake na milipuko yake. Kwa pamoja pepo hizo mbili huondoa katikati gesi yenye masi inayozidi 100 za Jua kila mwaka, kiasi kinacholingana na kile kinachotumika kuzaa nyota au kukizidi. Kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi nyota na shimo jeusi zinavyogombea gesi ile ile, na jinsi kila mmoja anavyoifukuza gesi kabla mwenzake hajaitumia, ni vigumu kutaka ushahidi ulio wazi kuliko huu: wagombea wawili katika picha moja, kila mmoja na upepo wake.

Ipo hadhari moja ambayo lazima niitoe. Mwaka 2019 timu iliyotumia kifaa cha MUSE kwenye Darubini Kubwa Sana huko Chile ilitangaza kwamba kiini cha kusini kwa kweli ni viwili, hivyo galaksi hii ina viini vitatu. Ramani za gesi baridi zilizofuata, kutoka ALMA, mtandao wa antena za mawimbi ya milimita huko Chile, zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya gesi imekusanyika kati ya viini viwili vya zamani, na hazikuona gesi ikijikusanya kwenye kiini hicho cha tatu. Ukiandika juu ya NGC 6240, usikitaje kiini cha tatu kana kwamba ni jambo lililokubaliwa na wote. Wala usikifute.

Vyombo, data na anga letu

Hebu tuziangalie kwa karibu kama zinavyotokea kwenye kompyuta. Kila kipande kidogo cha picha ya Chandra hubeba karibu nusu sekunde ya tao ya anga (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Viini vya Arp 220 vimeachana kwa sekunde moja ya tao, yaani vipande viwili tu, kiasi kwamba mwanga wa kimoja humwagikia kingine na kukulazimisha kutumia mbinu za kusafisha picha ambazo zenyewe zahitaji kutetewa mbele ya mtahini. Viini vya NGC 6240, ingawa galaksi iko mbali zaidi, vimeachana kwa sekunde moja na nusu au zaidi, sawa na vipande vitatu. Kwa maandishi tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye kioo ni tofauti kati ya doa moja lililovimba na madoa mawili ambayo hata mtoto angeyahesabu.

Data za galaksi zote mbili ziko wazi kwa mtu yeyote, katika hifadhi za Chandra, Hubble, Webb na ALMA, baada ya muda mfupi ambao hutengwa kwa waliozikusanya. Lakini wazi si sawa na rahisi. Faili ghafi za ALMA zinaweza kufika makumi na hata mamia ya gigabaiti, na anayelipia bando la simu kwa siku au kwa wiki ajue hivyo kabla hajabonyeza kitufe cha kupakua. Faili za Chandra ni ndogo zaidi kwa mbali, na programu yake, CIAO, hutolewa bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida yenye Linux. Kwa kuwa nguvu ya Arp 220 iko kwenye redio na milimita, na nguvu ya NGC 6240 iko kwenye eksirei na mwanga wa kawaida, gharama ya intaneti peke yake yaweza kuamua.

Kuna pia suala la mahali zilipo angani, ambalo kwa msomaji wa Afrika Mashariki si dogo. NGC 6240 iko nyuzi mbili na kidogo tu kaskazini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo hupita karibu kabisa na utosi wa mtazamaji aliye Nairobi, na kwa aliye Dar es Salaam hukosa utosi kwa nyuzi tisa. Mwezi wa Julai, kati ya saa tatu na saa nne usiku, kundinyota la Hawaa huwa juu kabisa, juu ya Akarabu, na mwenye darubini ya kioo cha sentimita 25 mahali penye giza halisi anaweza kujaribu kulitafuta doa lake hafifu. Arp 220 iko nyuzi 23 na nusu kaskazini na ni hafifu zaidi. Darubini kubwa ya SALT iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, imejengwa kwa kioo kisichobadilisha mwinamo, na hivyo huona anga kuanzia nyuzi 10 kaskazini hadi nyuzi 75 kusini: NGC 6240 imo ndani ya mpaka huo, Arp 220 iko nje. Antena 64 za redio za MeerKAT, nazo za Afrika Kusini, huziona zote mbili, lakini jicho lao haliwezi kutenganisha viini vya galaksi yoyote kati ya hizi.

Kwa nani ipi

Kwa darasa la sekondari ningeacha zote mbili kwanza na kuanza na galaksi za Antena, NGC 4038 na 4039, zilizo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 70 katika kundinyota la Ghurabu. Huko galaksi mbili bado zinaonekana kuwa mbili, nyota nyingi huzaliwa mahali zinapoingiliana badala ya kwenye viini, na hakuna shimo jeusi lenye mwanga mkali wa kuchanganya hesabu. Mwanafunzi akishaona hapo gesi inavyozaa nyota, ndipo apelekwe kwenye tanuri lililofunikwa.

Anayejali nyota, namaanisha anayetaka kujua nyota huzaliwa na kufa vipi pale gesi inapobanwa kupita kiasi, achague Arp 220 bila kusitasita. Hakuna galaksi iliyo karibu inayolipa swali hilo vizuri hivyo, na hata fumbo la shimo jeusi halitamharibia kazi, kwa sababu supanova zake huhesabika kwa redio bila kujali kilichofichika kando yake. Awe tu na msimamizi anayejua redio, na intaneti inayoaminika.

Wengine wote, hasa anayeanza peke yake, naona waanze na NGC 6240. Nimeona wanafunzi wakitumia muhula mzima juu ya Arp 220 na kuishia kwenye sentensi isemayo kwamba data haziwezi kuamua. Sentensi hiyo ni ya kweli na ni ya heshima katika sayansi, ila ni nzito kwa mtu ambaye bado hajawahi kuona data zikiamua. Kwa NGC 6240 ataweza, ndani ya wiki chache, kuchora duara dogo juu ya kila kiini, kutoa spektra mbili, yaani michoro ya kiasi cha eksirei katika kila nishati, na kuutafuta mstari wa chuma yeye mwenyewe. Asiutafute kwenye 6.4 kamili. Galaksi inakwenda mbali nasi, na mwanga wake umenyooshwa kwa asilimia mbili na nusu hivi njiani, kwa hiyo mstari utajitokeza karibu na 6.25, ukiwa mrefu kwenye kiini cha kusini na mfupi kwenye cha kaskazini, lakini utakuwepo kwenye vyote viwili.